Swali Alilouliza Mkwe

Mwaka 1974 Mzee Nyamongo wa Ikonge alikubali kujaribiwa dawa. Kansa ya mapafu yake ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini, na Daktari Otiende alimwambia wazi kwamba hakuna aliyejua kama dawa mbili kwa pamoja zingeshinda moja. Wagonjwa walikuwa kumi na wawili, nusu wakimeza moja, nusu mbili. Nyamongo aliangukia mbili.

Daktari alikuwa mtu wa ziwani; Kigusii, lugha ya wagonjwa wake, hakijui. Aliyemtafsiria wodini ni muuguzi Onchiri, mume wa Bonareri, binti wa Nyamongo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila Jumatatu daktari aliuliza habari za choo na mkojo. Onchiri aliinamisha macho akauliza nusunusu, kwa kuwa mambo hayo hayatajwi mbele ya mkwe, wala mbele ya mzee yeyote wa rika la baba. Nyamongo alijibu kwamba hajambo, na daktari akaandika kuwa dawa hazimdhuru.

Mkojo wake ulikuwa mwekundu wiki ya pili sasa.

Jumatatu ya tano daktari alikuja amechangamka. Alisema wazee wa dawa mbili wamezivumilia vizuri, kwa hiyo kesho angewaongezea dozi wote. Nyamongo alielewa kabla ya kutafsiriwa. Kiswahili alikisoma ngumbaru miaka mitatu, mvi zikiwa tayari kichwani, ila aliogopa kuchekwa na msomi. Akamtazama Manasseh wa Marani, kitanda cha pili, aliyezoea kutania kwamba wao wa dawa mbili ni kama wenye wake wawili, hawana usingizi. Leo hakutania. Alikuwa amejikunja, mikono tumboni.

"Onchiri, mwanangu, nenda uniletee uji."

"Baba, uji huja saa nne."

"Basi nenda ukausubiri."

Onchiri alitoka haraka, wala hakugeuka.

"Daktari," Nyamongo alisema kwa Kiswahili, polepole, "mimi nakojoa damu. Nilikuficha kwa sababu yule ni mkwe wangu. Futa pale uliandika."

Daktari alikaa kitandani. Akaeleza kwamba dawa moja kati ya hizo mbili huchoma kibofu, itabidi aisimamishe, na huenda kansa ikapata nafasi. Mzee alisema hilo analijua.

"Na huyu?" daktari aliuliza, akimwonyesha Manasseh.

"Huyu hajui Kiswahili. Uliza, nitatafsiri mimi."

Manasseh alilisikiliza swali likitoka kinywani mwa mzee mwenzake. Akajiinua kwa kiwiko, akaanza kusema, na hakunyamaza upesi.