Nusu Kichwa

Heriel alipanda ngazi za ghorofa ya nne akiwa ameshakasirika. Lifti ilikuwa mbovu tangu Pasaka, na jirani wa ghorofa ya pili alikuwa amemsimamisha kumuuliza kama "yule mtoto" ameshaanza kuongea. Yule mtoto! Utadhani hana jina.

Anaitwa Evelyn. Alikuwa na miaka minne na hajawahi kusema neno. Alikuwa aking'ata. Heriel mwenyewe alikuwa na kovu la meno kwenye mkono wa kulia, alilipata akimshikilia ili mama yake amsuke. Kila Jumamosi ilikuwa vita: baba anashika mikono, mama anasuka, mtoto anapiga kelele mpaka wauza vyombo wa chini barabarani wanainua vichwa.

Ndiyo maana akatafutwa Shamsa, binti wa Buguruni, mwalimu wa watoto waliochelewa kuongea. Alikuwa akija mara tatu kwa wiki, anakaa na Evelyn kwenye mkeka sebuleni. Mwezi wa pili ulikuwa unakatika, na Ijumaa hiyo Heriel aliacha duka mapema aje aone kwa macho yake.

Alimkuta Shamsa ameshika chanuo. Alilipitisha mara moja kwenye nywele za mtoto.

"Basi," Evelyn akasema.

Moyo wa Heriel ukaruka. Mtoto ameongea! Shamsa akaweka chanuo chini papo hapo, akahesabu mpaka kumi kwa vidole, akalipitisha tena.

"Basi."

Chanuo likarudi chini. Hapo furaha ya Heriel ikamwishia. Miezi miwili anasubiri kuitwa baba, na hiki ndicho anacholetewa?

"Shikamoo, baba Evelyn."

"Marahaba. Hii ndiyo kazi?"

"Ndiyo, baba. Akisema basi, tunaacha. Ajue kwamba akisema, anasikilizwa."

"Yaani amwamrishe mtu mzima? Nimekuleta umfundishe kuongea, wewe unamfundisha kiburi!"

"Hajang'ata tangu Jumatatu."

"Na hajachanwa tangu Jumatatu! Mwangalie, kichwa kama dodoki."

Mkewe, Joyceline, akachungulia kutoka jikoni. "Baba Evelyn, majirani wanasikia."

"Wasikie! Si ndiyo kazi yao?"

Shamsa akakusanya vitu vyake bila haraka. Mlangoni akageuka. "Mkilipuuza hilo neno ataliacha, baba. Atarudi kung'ata, maana aking'ata mnaacha."

"Usirudi hapa," Heriel akamwambia.

Kesho yake asubuhi akaja Severa, dada mkubwa wa Heriel, kutoka Kimara. Jumapili kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa ndugu yao, na watu wa kwao Machame wote waliopo Dar wangekuwa kanisani.

"Huyu haendi kupigwa picha na kichwa hiki," Severa akasema. "Lete kigoda. Nasuka mtindo wa twende kilioni, mistari sita tu. Heri, shika mikono."

Heriel akashika. Severa akambana mtoto katikati ya mapaja, akaanza kuvuta. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, Evelyn machozi yanamtiririka.

"Basi."

"Haa! Kumbe anaongea!" Severa akacheka. "Bado, mama. Tumebakisha nusu."

"Basi."

"Tulia, we mtoto."

"Basi! Basi!"

Kisha akanyamaza. Akamtazama baba yake usoni, akafungua mdomo, akaanza kuushusha taratibu kwenye ule mkono wa kulia, palepale penye kovu. Hakuwa na papara. Alikuwa amesema mara nne, ameona haisaidii, sasa anarudia njia yake ya zamani.

Heriel akahisi joto la pumzi yake kwenye ngozi. Miaka miwili mtoto huyu alikuwa akimwambia jambo hilohilo kwa meno, na yeye kazi yake ilikuwa kukaza mikono.

Akaiachia.

"Dada, acha."

"Niache nini? Nimebakisha nusu."

"Amesema basi."

"Na wewe unamsikiliza? Mtoto wa miaka minne? Angekuwepo baba..."

"Baba hayupo! Toa mikono kwenye kichwa cha mwanangu!"

Severa ndiye aliyemleta mjini alipoacha shule darasa la sita, ndiye aliyemtafutia kazi ya kubeba mizigo Kariakoo. Hajawahi kupandishiwa sauti na mdogo wake huyu hata siku moja. Akasimama, akachukua mkoba wake. "Mtajijua na malkia wenu," akasema, akashuka ngazi zile zote bila kuaga.

Evelyn akaingia chini ya meza. Heriel akachukua simu. Hasira haikuwa imepungua hata kidogo. Ila sasa alikuwa na hasira na Heriel mwenyewe.

"Shamsa, Jumatatu unakuja saa ngapi?"

"Baba Evelyn, si ulisema nisirudi?"

"Nimekuuliza saa ngapi."

"Saa tisa."

"Nitakuwepo. Unionyeshe na mimi hiyo ya kuhesabu."

Akakata simu. Joyceline alikuwa ameinama, anamtazama mwanae chini ya meza: upande mmoja mistari mitatu imenyooka, upande wa pili dodoki lilelile.

"Na kanisani kesho?"

"Anaenda hivyohivyo," Heriel akasema. "Atakayemcheka, aje anicheke mimi."