Kidole Gumba cha Papa Raphaël

Wakongomani wa mtaa wa Nechells walimwita Papa Raphaël, ingawa hakuwa Mkongomani. Alizaliwa Lomé, akaenda Bukavu kufundisha riadha, akamwoa Nabintu huko huko, na Kiswahili akakipata kwa wakwe. Vita vilipowafikisha Birmingham alilinda ghala moja karibu na reli mpaka akastaafu. Kilichobaki kilikuwa jina. Kila mtu alijua kwamba mzee huyu mwembamba ndiye wa kwanza wa nchi yake kuingia fainali ya mita mia katika Michezo ya Afrika, Lagos, mwaka 1973. Kanisani, Pasta Cyriaque hakumaliza mwezi bila kumtaja. Raphaël aliinamisha kichwa, na watu wakasema, tazameni unyenyekevu wake.

Haukuwa unyenyekevu.

Mwaka ule timu ya taifa lake ilikuwa na nafasi moja tu ya mita mia. Walikimbia makundi mawili, mwenye muda bora aende Lagos. Komlan, kijana mbeba mizigo bandarini, alikimbia kwa sekunde kumi nukta tano. Kundi la pili lilikuwa la Raphaël, na aliyeshika saa ni mjomba wake. Hatua nzima kabla ya utepe, Raphaël alikiona kidole gumba cha mjomba kikibonyeza. Ikaandikwa kumi nukta nne.

"Nimekusukuma kidogo tu," mjomba alimwambia jioni ndani ya gari. "Yule mbeba mizigo angetuaibisha."

Raphaël akanyamaza. Alinyamaza Lagos, alipomaliza wa nane. Alinyamaza Komlan alipokuja kumshika mkono na kumpongeza. Komlan alipofariki, alituma rambirambi.

Mwaka 2006 klabu ya riadha ya Aston ilimwomba asaidie kupima muda wa watoto. Kocha wao, Yarrow, mama wa Kiingereza mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimvisha saa shingoni kama anayemvisha nishani. Wasichana wawili walikuwa wepesi kuliko wote: Précieuse, mjukuu wa dada yake Nabintu, na Deeqa, binti wa Abdiwahid, Msomali aliyekulia Nairobi. Wote walikuwa na miaka kumi na minne, na timu ya mji ilihitaji mmoja.

Jumanne ya mchujo Précieuse alikuwa na homa. Deeqa akakimbia: kumi na mbili nukta tisa. Alhamisi Précieuse akapewa zamu yake, peke yake. Yarrow alisimama mwanzoni kumwanzishia, Raphaël kwenye mstari wa kumalizia. Mtoto alikuja vizuri, kisha kwenye mita themanini mabega yakaanza kupanda, uso ukajaa hofu. Raphaël aliujua uso ule. Kidole chake kikabonyeza.

Hakuwa ameamua. Au ndivyo alivyojiambia kwenye basi. Saa ilisema kumi na mbili nukta nane, Yarrow akaandika, Précieuse akamrukia shingoni. Kwenye uzio Deeqa alipiga makofi.

Jumapili Pasta Cyriaque akawaita Raphaël na Précieuse mbele. "Huyu alifungua njia," alisema, "na huyu anaipita!" Vigelegele vikapigwa. Sabine, mama yake Précieuse, alikuwa akilia kwa furaha. Raphaël akapewa kipaza sauti. Alisema "Aksanti" moja, akarudi kuketi, na jasho likamtiririka mgongoni ndani ya koti.

Njiani kurudi nyumbani alimweleza mkewe. Nabintu akasimama katikati ya njia ya miguu.

"Umemfanyia mtoto hivyo?"

"Nami nilifanyiwa hivyo," akasema. Akamwambia ya Lomé yote.

"Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nikiwasimulia watu, Raphaël. Kwa mdomo wangu huu. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie mume wako ni mwongo."

"Hilo utalisema mwenyewe. Jumanne kuna mazoezi."

Jumanne alilisema, mbele ya Yarrow, wasichana wote wawili na Abdiwahid aliyekuja kumchukua binti yake. Alilisema kwa Kiingereza, akalirudia kwa Kiswahili, maana hakutaka pa kujificha. Yarrow alinyoosha mkono, akaivua saa shingoni mwa Raphaël.

"Mzee," Abdiwahid alisema, "huyu msichana alikuja home akilia. Nikamwambia a-accept, ameshindwa kwa haki. Mimi babake ndiye nilimwambia hivyo."

Raphaël hakuweza kumtazama.

Précieuse aliuliza kwa Kiingereza, kama alivyozoea: kwa hiyo hakuwa amemshinda Deeqa?

"Sijui," Raphaël alimjibu. "Hicho ndicho nilichokuibia, mwanangu. Hakuna anayejua, hata wewe."

Yarrow aliwakimbiza jioni ile ile, bega kwa bega. Précieuse alikimbia macho yamevimba, na Deeqa akamtangulia kwa kifua. Wengine walisema asingekuwa analia angeshinda. Raphaël alisikia, akajua kwamba hilo nalo ni lake.

Deeqa alienda kwenye mashindano akawa wa tano. Sabine aliacha kupita nyumbani kwa Raphaël na Nabintu. Pasta Cyriaque aliacha kumtaja, na Nabintu, mtu akiuliza habari za Lagos, alisema, "Muulize mwenyewe." Wachache walimwuliza. Aliwajibu wote kwa ukamilifu, na kila mara masikio yalimwaka kama siku ya kwanza.

Hata hivyo aliendelea kwenda Aston kila Jumanne. Aliketi kwenye benchi la mbali. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyempa kazi.

Ilikuwa mwishoni mwa Julai Précieuse alipokuja kuketi upande wa pili wa benchi hilo, akafunga viatu vyake vya njumu taratibu kuliko ilivyohitajika. Hakuwa amemsemesha tangu siku ile.

"Babu," alisema, safari hii kwa Kiswahili, "nikianza, mguu wa nyuma unachelewa?"

"Unachelewa. Unainua kichwa mapema mno."

"Una uhakika?"

Hakuliuliza kwa ubaya. Lilimchoma hata hivyo, usoni mpaka shingoni.

"Nina uhakika," Raphaël alisema. "Lakini muulize na kocha."

Précieuse akainuka, akaenda kumwuliza.