Mama Hakai, Anatua

Mama yangu hakai, anatua. Anashusha makalio kwenye ukingo wa kigoda, visigino juu, kifurushi mapajani, macho getini. Ndani ya kifurushi mna kitenge, sabuni, na viazi vya kuchemsha anavyobadilisha kila asubuhi. Vita vimetulia, watu wa mtaa wetu wa Mbunya wameezeka nyumba upya, hata jirani yetu Claudine amepanda maua. Mama bado anatua. Inaniudhi mpaka natoka kufagia uwanja niliokwisha kuufagia.

Umri wake ni miaka sabini na kitu, na mgongo umejikunja. Asubuhi hunyooka taratibu akishika ukuta, na mimi hujifanya sioni. Mwishowe nikampeleka kwa Lambert, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye kituo cha afya. Akamkalisha kwenye kiti kirefu, akamwekea kiganja kiunoni.

"Mama, ukiikala kwenye kiti ya chini, magoti inapita kiuno," akasema. "Nyonga inalala nyuma, mugongo inajikunja, kisha inazoea vile. Rudisha matako mpaka mwisho wa kiti, miguu chini, weka kitu kidogo nyuma ya kiuno."

"Mutu mwenye anaegemea anachelewa," Mama akamjibu.

Lambert akacheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Baba alikuwa ameegemea kitini, redio tumboni, siku watu wenye silaha walipoingia mtaani. Sisi tulishafika kwenye migomba. Yeye alikuwa bado anatafuta pa kushika ainuke; hakutufikia. Tangu siku hiyo Mama hajaegemea kitu. Hata kanisani hukaa mwisho wa benchi, karibu na mlango.

Nyumbani nikamwekea kiti kirefu. Akakifanya cha kuanikia nguo. Nikaficha kigoda, akatua kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikampigia kelele kwamba vita vimekwisha, akaniuliza ni nani aliyeniambia. Nikamrudishia kigoda chake.

Jumamosi moja tulikuwa uani tukichambua maharagwe, mara kukatokea mlipuko upande wa barabara. Mmoja tu, mkavu. Claudine akaita watoto wake kwa sauti isiyo yake. Milango ikafungwa mtaa mzima. Nilikuwa nimeshafika getini, funguo mkononi, nilipogeuka.

Mama alikuwa bado kwenye kigoda. Amekumbatia kifurushi, anajisukuma, anarudi chini. Anajisukuma tena. Nyonga zilikuwa zimegoma.

"Jeanine, enda! Niache, enda!"

Nikarudi mbio, nikamshika makwapani, nikamvuta mpaka akapiga yowe. Tukasimama tumeshikana, mimi nikilia kwa woga na hasira. Ndipo mtu akapita akitangaza kwamba ni lori la kwenda Mahagi, tairi limepasuka. Milango ikafunguliwa mmoja mmoja. Nyumba ya pili mtu akacheka kwa nguvu kupita kiasi.

Mama hakucheka. Alikitazama kigoda kwa muda mrefu, kama rafiki aliyemsaliti. Kisha akaenda kwenye kiti kirefu, akaondoa nguo.

"Geuza hii kiti, iangalie geti."

Nikakigeuza. Akakaa, akarudisha makalio polepole mpaka yakagusa ubao wa nyuma. Akashusha visigino. Halafu akachukua kifurushi, ambacho hakijawahi kutoka mapajani mwake, akakipachika nyuma ya kiuno. Viazi nadhani vilipondeka. Mgongo ukanyooka kidogo, nikaiona shingo yake ndefu, ambayo nilikuwa nimeisahau.

Baada ya kupumzika akasogea mbele, akavuta miguu chini ya magoti, akainama, akasimama. Aliyumba, lakini hakushika ukuta wala mimi. Akakaa tena, akasimama tena.

"Na hii kiti," akasema, "nitafika kwenye geti mbele yako."

Nilitaka kufurahi. Nilitaka zaidi aniambie kwamba hatakimbia tena. Nikarudi kwenye maharagwe yangu.

"Na weye?" akauliza.

"Miye nini?"

"Angalia vile unaikala."

Nikajitazama. Nilikuwa kwenye ukingo wa benchi, funguo bado mkononi. Visigino vyangu vilikuwa juu.