Barua Iliyotumwa na Wezi

Kazini walimwita Mama Usibofye, na jina likamkaa. Kila mfanyakazi mpya wa ile kampuni ya kusambaza dawa alikalishwa mbele yake na kuambiwa bila kupepesa macho: barua pepe usiyoitarajia, usifungue faili lake, hata kama imetoka kwa mama yako mzazi. "Mama mzazi atapiga simu," alikuwa akisema, na watu wanacheka. Kwenye kona ya chumba chake palikuwa na kompyuta kuukuu isiyounganishwa na chochote, ambayo wenzake waliibandika jina la Mkiwa. Barua za kutiliwa shaka zilifunguliwa humo, zikafia humo.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo, mwenye akili zake timamu, anafanyaje kosa la mtoto wa shule?

Jumatatu, saa nne asubuhi, iliingia barua yenye jina la mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao. Miaka sita kijana hakuwa amemwandikia wala kumpigia. Siku ya mazishi ya baba yao alifika kaburi limeshafukiwa, na dada mtu, kwa uchungu, akamwambia mbele ya watu wote: "Mimi na wewe tusizikane." Neno likishatoka halirudi. Kijana aligeuka, akaondoka, akabadilisha na namba ya simu. Tangu siku hiyo dada alimkumbuka kila mahali. Mtu akipiga mluzi koridoni, aligeuka. Akipika, alipima chakula cha wawili, kisha akajilaumu.

Barua ilianza na mstari mmoja: tafadhali angalia faili. Chini yake yalifuata maneno marefu yaliyoanza, "Dada'angu, sijui nianzie wapi." Anwani ya mtumaji ilikuwa herufi za ovyo tu, naye aliiona vizuri. Mkiwa alikuwa hatua kumi kutoka kitini pake. Lakini wapi! Hamu ya miaka sita haina subira ya hatua kumi. Alibofya.

Faili lilifunguka tupu, na feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma. Alijua. Aliinama chini ya meza, akang'oa waya wa mtandao, kisha akaenda kwa meneja.

"Nimebofya," alisema.

Meneja, mtu wa mizaha, alifungua mdomo amtanie. Alipomtazama usoni aliufunga.

"Kirusi kimeingia kwenye seva?"

"Sijui bado. Wote watoke kwenye mtandao kwanza."

Siku hiyo ghala lilitoa dawa kwa kuandika kwa mkono, madereva wakinung'unika foleni nzima, naye akipekua mashine moja baada ya nyingine. Kufikia alasiri alikuwa na hakika kwamba kirusi hakikuvuka kompyuta yake. Ilibaki kuifuta hiyo, kila kitu, kama alivyowafutia wenzake waliomlilia picha za watoto wao. Kabla ya kuifuta alichukua kalamu, akainakili ile barua yote kwenye karatasi.

Alipokuwa akinakili ndipo alipoelewa. Wezi wa siku hizi wakiingia kwenye kompyuta ya mtu huchota barua zake za kweli, wakazitia sumu yao, wakazituma kwa ndugu na marafiki zake. Na hii ilikuwa ya kweli. Ilikuwa na tarehe ya mwaka juzi: kijana aliiandika, akaogopa, akaiacha bila kuituma. "Basi liliharibika njiani," aliandika. "Nilitembea saa tatu kwa miguu, dada. Hukunipa nafasi ya kusema." Chini kabisa palikuwa na namba ya simu ya karakana ya fenicha anakofanya kazi.

Alilia, akapenga kamasi, akawalaani wezi, akajilaani na yeye. Je, akimkatia simu? Ana haki. Lakini kompyuta ya kijana ilikuwa mgonjwa na lazima mwenyewe aambiwe. Alipiga.

"Karakana, ofisi ya oda."

Sauti ilikuwa imekuwa nzito, lakini ni yeye. Aliliacha neno alilokuwa amelipanga.

"Napiga kuhusu usalama wa mtandao," alisema kikazi. "Kompyuta yako imeingiwa na virusi, na wezi wanazituma barua zako. Uko mbele yake?"

"Niko mbele yake."

"Chomoa waya wa mtandao. Usiizime."

"Nimechomoa."

"Taa ya nyuma imezimika?"

"Imezimika."

Kazi ilikuwa imeisha hapo. Mengine yalikuwa ya fundi wao wenyewe, na alipaswa kuaga akate. Hakuweza.

"Nisomee namba iliyobandikwa chini ya mashine."

Kijana alisoma tarakimu zote, polepole. Dada hakuandika hata moja.

"Rudia."

Alirudia.

"Humo ndani mna mashine ngapi?"

"Mbili."

"Za rangi gani?"

Mwenyewe aliusikia ujinga wa swali lake, akafumba macho. Upande wa pili kiti kilisogezwa, mlango ukafungwa, kisha sauti ikarudi, ya chini.

"Moja nyeusi, moja ya kijivu," kijana alisema. "Uliza na jingine, dada'angu. Sikati."