Kopo la Viwavi

Pasi alikuwa jasiri wa kila kitu isipokuwa viwavi. Jina hilo alilipata kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikopiga pasi mashuka kutwa nzima. Damu aliiona akaendelea kutafuna karanga zake. Lakini mwonyeshe mdudu laini anayejikunja juu ya jani, mtu mzima yule atatimua mbio bila kuangalia nyuma. Ndiyo maana kopo la mama yake hakuwahi kulichungulia.

Mama alipanda asumini ukutani mwaka ule ule macho yalipoanza kufifia. Asumini ikatambaa mpaka usawa wa dirisha, na macho yakazima kabisa kabla haijatoa ua hata moja. "Si kitu," alisema mama, "asumini haitaki macho. Pua ninayo." Tangu hapo, kila Pasi aliporudi kazini, swali lilimpokea mlangoni kabla ya salamu: imechanua? Kila siku jibu lilikuwa lile lile: bado.

Alihangaika kweli. Alimfuata muuza miche, mtu mwenye jibu la kila kitu, akaambiwa, "Umeilisha samadi mno, dada. Imenenepa majani." Akaacha samadi. Akapogoa matawi makavu, akafunga nyaya ukutani ili matawi mabichi yapate jua, akamwomba jirani akate tawi lililoleta kivuli. Jirani akakata, kisha akanuna mwezi mzima. Miaka mitatu ikapita, majani yanang'aa, maua hakuna. Muuza miche naye akaishiwa majibu. "Labda ni dume," alisema.

Mama hakukaa bure. Msimu wa kwanza viwavi waliivamia asumini, na Pasi, akiwatazama kwa mbali mlangoni, alimkabidhi kazi. "Mama, hawa ni wako. Huwaoni, kwa hiyo hawakutishi." Mama alicheka, mara ya kwanza tangu macho yazime. Basi kila asubuhi, Pasi akishaondoka, mama aliketi kwenye kigoda akapitisha vidole tawi kwa tawi. Kilicholala laini na baridi kwenye ncha alikichuma, akakitia koponi. Akimaliza aliwamwagia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akawatupa kwenye shimo la taka. Jioni alitoa ripoti: "Leo arobaini na wawili."

"Wewe ni kiboko, mama," Pasi alimsifu, na akamaanisha.

Siku moja gesi iliisha. Mama hakuwa na maji ya moto, akaliweka kopo kwenye dirisha la jikoni amsubiri mwanawe.

Pasi alipofungua mlango jioni ile, harufu ilimsimamisha. Mama alikuwa katikati ya chumba, uso juu, machozi yanamtiririka.

"Unaisikia?" aliuliza. "Imechanua, mwanangu. Nilikwambia ni viwavi tu waliokuwa wanaizuia."

Pasi alitoka mbio mpaka ukutani. Mwanga ulikuwa bado upo. Alifunua tawi moja, la pili, la kumi. Majani matupu. Akarudi ndani akiifuata pua, ikampeleka jikoni, ikamfikisha dirishani. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, akachungulia ndani ya kopo.

Lilikuwa limejaa maua. Meupe, yamefunguka, yamebanana mpaka ukingoni.

Ni matumba yaliyochumwa asubuhi kabla hayajafunguka; kwa kukosa maji ya moto yalikuwa yamechanua humo humo. Arobaini na wawili siku ile, thelathini jana, na juzi, na mwaka juzi. Akasikia na sauti yake mwenyewe ikisema wewe ni kiboko, mama. Yeye ndiye aliyetoa kazi ile. Yeye ndiye aliyeisifu.

"Imechanulia upande gani?" Mama alikuwa ameshafika jikoni. "Nipeleke niishike."

Mkono wa mama ulikuwa tayari unapapasa dirishani. Ukaligusa kopo. Vidole vikaingia, vikasimama.

"Hili si kopo langu?" alisema. "Viwavi wangu wako wapi?"

Mama alitoa ua moja, akapapasa petali zake nyembamba, akashuka mpaka kwenye kikonyo, laini, baridi, kile alichokijua. Akaliachia kama limemuunguza.

"Nilikuwa nawamwagia maji ya moto," alisema, akaenda zake kulala.

Asubuhi Pasi alimkuta mama ukutani, juu ya kigoda, ameikalia mikono yake yote miwili.

"Lete mkono, mama."

"Sigusi tena."

Pasi aliuvuta mkono mmoja taratibu, akaupandisha mpaka kwenye tumba moja lililosalimika jana. Mwili wake mwenyewe ulimsisimka, maana kweli lilikuwa kama kiwavi. "Hata mimi ningekosea," alisema. "Hapa nilipo nataka kukimbia."

Mama alitabasamu kidogo, kwa shida. Alilishika lile tumba kwa vidole viwili bila kuvuta. "Nenda kazini," alisema.

Pasi alirudi jioni, akamkuta pale pale, mkono uko juu kwenye tawi lile lile. Safari hii ni yeye aliyeuliza kabla ya salamu.

"Imechanua?"

"Ngoja," mama alinong'ona. "Inanifungukia mkononi."