Ndege Mwenye Jina Langu

Babu yangu alikuwa mpima ardhi. Mawe ya mipaka aliyoyapanda hayajabishaniwa hadi leo. Baba yangu alikuwa bwana misitu kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumkumbusha wajibu wake. Nami niliurithi msitu ule pamoja na heshima ile, nikaulinda dhidi ya misumeno mpaka mvi zikanijaa. Ndiyo sababu wataalamu, walipothibitisha kwamba kindege wetu mwenye koo la manjano ni nususpishi isiyopatikana kwingine, walimpa jina langu.

Mwaka huo mama yenu, binti yangu, aliyekuwa akiwatafiti ndege hao, alikuwa amebakiwa na jozi moja tu. Jike lilikuwa likiatamia mayai mawili.

Siku ya kukabidhiwa cheti niliona haya kuwaonyesha wageni picha tu. Asubuhi nilitandaza wavu mwembamba karibu na kiota, nia yangu nimnase dume, wageni wamwone, kisha nimwachie. Mama yenu alipinga. Wavu, alisema, haukai nusu saa bila kukaguliwa. Nilimjibu kwamba nilitega nyavu kabla yeye hajaota meno, nikamtuma langoni kupokea wageni.

Wageni waliwahi. Niliingia ukumbini, nikaketi mbele. Mgeni rasmi alitania kwamba ndege huyo amenifuata kwa kila kitu, umbo dogo na kelele nyingi, watu wakacheka. Mvua ilianza kupiga bati. Mama yenu alinijia kwa nyuma, akainama sikioni.

"Baba, wavu umeukunja?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Lakini mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza anawataja babu yangu na baba yangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Sifa zilichukua saa nzima. Tulipofika kiotani, jike lilikuwa likining'inia kichwa chini, limelowa, uzi umelikaza bawa. Mayai yalikuwa baridi. Dume liliimba siku kumi na moja, kisha likanyamaza, wala hatujamsikia mwingine.

Mama yenu hakunilaumu. Alilichuna jike lile, akalijaza pamba, akaandika lebo: jina langu, tarehe, na chanzo cha kifo, wavu uliosahauliwa.

"Futa," nikamwambia. "Sikuusahau."

Akafuta, akaandika upya: wavu ulioachwa kwa kujua. Lebo hiyo imo katika droo ya makumbusho.

Wajukuu zangu, nendeni mkaisome. Na siku mtakapoulizwa la kweli huku mkisifiwa, inukeni vitini. Sisemi tena.