Shelfu ya Bingwa na Vidole vya Dada Yake

Kwanza ilisikika chrrr ndefu, kama mtu anachana shuka jipya, kisha kicheko, kisha chrrr nyingine. Mama, aliyekuwa jikoni na kitunguu mkononi, akauliza kwa sauti ni nini kinachochanwa.

"Hakichanwi kitu, Mama! Tunabandua karatasi ya gundi!"

Sebuleni, Bingwa na dada yake mkubwa walikuwa wakibandika mkanda wa taa kwenye shelfu ya magemu. Shelfu waliipigilia wenyewe kwa mbao za kitanda kilichovunjika, ikatoka imeinama kidogo kushoto, nao wakaipenda hivyo hivyo. Jioni hiyo mwenyekiti wa klabu ya magemu angekuja na jezi ya mchezaji mmoja tu, atakayekwenda mashindanoni. Dada aliitaka jezi hiyo hata chakula cha mchana hakikumshuka.

Mkanda wa taa hukatwa penye alama ya mkasi tu. Dada alisema hivyo. Bingwa akajibu kwamba mkasi ni mkasi, akakata katikati ya alama mbili.

Walipochomeka waya ukutani, shelfu haikuwaka. Viliwaka vidole vya dada.

Viliwaka vyote. Alipogusa gemu la magari vikawa vyekundu. La mpira, kijani kibichi. La vita vya angani, zambarau iliyocheza mpaka darini. Mkanda ulikuwa umeamua kumulika wachezaji badala ya magemu.

"Haya, weka na wewe mkono," dada alisema.

Bingwa akaweka. Ikawaka ncha ya kidole gumba cha kulia, manjano hafifu. Ndicho alichoandikia jina lake mwenyewe, penye jina la mshindi kwenye kioo cha runinga, kila dada alipomaliza gemu na kumwachia pedi ya kuchezea, akaenda kunywa maji.

"Bingwa wa gumba!" Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bingwa naye akacheka, maana gumba lilikuwa linamtekenya.

Mama akaja kutazama. "Pazia langu usiliguse na hivyo vidole," alisema. Alipoona haviunguzi, akamchukua dada amulike chini ya sinki, na kifuniko cha sufuria kilichopotea tangu mwaka jana kikapatikana.

Bibi akatoka chumbani kuuliza kelele za nini. Alipopita karibu na shelfu, mkono wake wote wa kushoto ukawaka buluu.

"Bibi! Hata wewe?"

"Kwani mchana mnadhani nalala?"

Watoto wa jirani wakajazana dirishani. Dada aliwapungia, ukuta ukajaa mistari ya rangi, nao wakaikimbiza huku na huku wakipiga mayowe. Bibi akacheza akiwa ameketi. Mama alicheza na kifuniko chake.

Mwenyekiti alipofika, alivua viatu mlangoni, akatazama vidole vya dada, mkono wa Bibi na ncha ya gumba la Bingwa. Akaelewa yote papo hapo.

"Hongereni. Sasa nimejua nani anacheza humu ndani," alisema. "Taa safi kabisa." Kisha akafungua mfuko na kutoa jezi. Mgongoni palikuwa pameandikwa BINGWA. "Ila jina tulilonalo klabuni kwenye orodha ya washindi ni hili, na jezi imeshachapwa."

"Mwenyekiti, jezi hiyo ni yangu," dada alisema.

"Najua, mwanangu. Hebu sogea hapa tumpige Bingwa picha, uso wake uko gizani. Inua mkono kidogo. Hapo hapo."

Dada aliinua mkono. Picha ikatoka nzuri sana, nao watoto wa dirishani wakapiga makofi. Bingwa akaiangalia kwa furaha. Akamkumbatia dada yake kwa nguvu, akasema wote wasikie:

"Dada, naapa mbele ya Bibi: nikirudi na kikombe, hakuna mwingine atakayekimulika ila wewe."